Mkataba niliosaini Dar umefika Lubumbashi umekuwa karatasi tupu. Hizi sheria za Jumuiya zitalingana lini?

Mzigo_Tunduma

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada hasa kwa wanasheria na wale mnaofanya biashara ya kuvuka mipaka.

Mimi napeleka mabati na vifaa vya ujenzi Lubumbashi kule Kongo, huu mwaka wa sita, njia ni ile ile, Dar, Tunduma, tunakatiza Zambia, tunaingia Kasumbalesa. Mwaka jana nikampa mteja mmoja mzigo wa mkopo. Tukaandikiana kwa wakili hapa Dar, tumesaini wote wawili, mashahidi wapo, muhuri upo, na kuna kipengele wakili aliniambia ndio ngao yangu, kinasema mabati yanabaki kuwa mali yangu mpaka deni liishe hata kama yameshaingia stoo kwa mteja. Jamaa akalipa kama theluthi hivi akakwama. Kumbe anadaiwa kila kona. Wadai wake wengine wakaenda kukamata kila kitu stoo, na mabati yangu yamo humo humo, mabando hata hayajafunguliwa, yana zile kamba za chuma za kiwandani na karatasi yenye jina langu bado imebandikwa juu.

Nikapanda basi na mkataba wangu kwenye bahasha. Nikampata mzee mmoja wa ofisini, mtu mstaarabu tu, akausoma taratibu kwa msaada wa kijana anayejua Kiingereza, akafika mwisho, akageuza nyuma, akarudi mbele, anatafuta kitu hakioni. Akaniuliza umeandikisha wapi? Nikasema kwa wakili. Akasema hapana, nakuuliza umeandikisha kwenye daftari lipi. Sikuwa na jibu wakuu. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyesahau daftari nyumbani.

Sasa swali langu. Kongo si tuko nao Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022? Tunaambiwa soko la pamoja, mtu na mali yake vivuke bila shida, mali yangu imevuka kweli ila haki yangu imebaki Tunduma. Kwa nini sheria hazilinganishwi?

---

Wakili_Kivulini

Pole sana mkuu. Wakili wako hakukudanganya, kile kipengele hapa Tanzania kina nguvu, shida ni kwamba alikiandika kana kwamba mabati yatakaa Kariakoo.

Ngoja nikupe picha. Afrika Mashariki tuna koo mbili za sheria. Tanzania, Kenya na Uganda tumerithi kwa Mwingereza, ile wanaita komoni loo, inayojengwa sana na hukumu za majaji. Kwetu Bara kuna hadi tarehe, 22 Julai 1920, yaani sheria za kimazoea za Uingereza kama zilivyokuwa siku ile ndizo tulizozipokea, Kenya tarehe yao ni 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902. Na Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ukiichimba unakuta imetoka India, ile ya 1872, Mwingereza aliitunga kule akaja nayo huku. Upande wa pili Kongo, Rwanda na Burundi walipata ya Mbelgiji, sivili loo, ambayo kila kitu kimepangwa kwenye kodi (sio ya TRA, ni kitabu cha sheria zilizopangwa pamoja), na kitabu cha mikataba walichorithi wote watatu ni dekrii moja, yaani amri ya mtawala yenye nguvu ya sheria, ya 30 Julai 1888, enzi Kongo ikiwa mali ya mfalme Leopold. Kongo wanaitumia mpaka leo.

Ukiweka vitabu hivyo viwili mezani utaona vinafanana kuliko unavyodhani. Vyote vinataka makubaliano, hiari, watu wenye uwezo wa kisheria, jambo halali. Tofauti maarufu ni konsidaresheni, kwamba kwetu ahadi ya bure haina nguvu mpaka kila upande uwe umetoa kitu, wao hawana hilo, wao wanauliza tu sababu ya mkataba ni halali au la. Wanafunzi wa sheria wanaumiza kichwa sana na hilo lakini kwa mfanyabiashara anayelipwa hela na kutoa mzigo halimgusi kabisa.

Kinachomgusa ni hiki, NANI ANAAMINIWA. Mwingereza anaamini shahidi. Mkisaini, mkigombana kesho mnaenda mahakamani, shahidi anapanda kizimbani anaulizwa maswali mpaka ukweli utoke. Mbelgiji anaamini karatasi iliyopita kwa ofisa wa serikali kabla ugomvi haujaanza. Noteri wa kule sio kama kamishna wa viapo wa huku anayegonga muhuri dakika mbili, noteri akiandika hati ile hati yenyewe ndio ushahidi, kuipinga ni kazi kubwa kweli. Kwa hiyo yule mzee hakukuonea, alikuwa anatafuta kitu ambacho kwake yeye ndio mkataba wenyewe.

Kuhusu Jumuiya, maandishi yapo. Ibara ya 126 ya Mkataba wa Jumuiya inataka nchi zioanishe sheria zinazohusu Jumuiya na pia mafunzo ya wanasheria yawe na mtaala mmoja, na ibara ya 47 ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kazi Julai 2010 inasema tena hivyo hivyo. Tatizo njia inayotumika sana ni maelekezo, Baraza la Mawaziri linaelekeza halafu kila nchi inaenda kutunga ya kwake, kwa lugha yake, kwa mazoea yake, kwa muda wake.

---

Avoka_wa_Lushi

Jambo bandugu. Mi niko avoka, ni kusema wakili, hapa Lubumbashi, niruhusuni nieleze vile iko, maana hii mambo ninaiona kila mwezi na inaniuma kabisa, batu ba Tanzania banapoteza bintu yabo juu ya papie (karatasi) moja tu.

Ndugu yangu wa Tunduma, ile dekrii ya 1888 iko kweli, lakini kwa biashara yako haiko yenyewe inayoamua. Inayoamua ni OHADA. Ni mkataba wa sheria ya biashara wa nchi 17, wengi ba Afrika ya Magharibi na ya Kati, ulisainiwa Port-Louis kule Morisi mwezi wa kumi 1993, na Kongo yetu iliingia 2012, ni kusema miaka kumi mbele ya kuingia kwenu Arusha. OHADA haitoi maelekezo kama vile wakili anasema. Inatoa sheria moja, maneno yale yale, na inaingia moja kwa moja, Bunge ya Kinshasa haiigusi. Sheria ya kampuni, ya dhamana, ya kufilisika, ya kukamata mali, yote iko moja kutoka Dakar mpaka hapa.

Sasa kile kipengele chako. OHADA inakijua muzuri sana, hata jina kinayo, kubakisha umiliki. Inaomba bintu mbili. Moja kiandikwe, na kiandikwe mbele ya mali kufika ao siku ile ile inafika. Hii ulifanya. Pili, kama unataka kisimame mbele ya badai bengine, kiandikishwe kwenye rejista ya biashara, ile tunaita RCCM, kwa grefe, ni kusema ofisi ya karani, ya tribinali ya komersi (mahakama ya biashara). Hii haukufanya. Kati yako na mteja wako ungali na haki. Lakini bale bengine balikuja kukamata, beye hawakujua, na sheria inasema hawana lazima ya kujua kitu hakiko kwa rejista. Sheria yetu inasema pia mnunuzi akishapokea mali mkononi imekuwa yake, isipokuwa mulikubaliana ingine. Kwa hiyo mutu anaingia stoo anaona mabati, anasema hii ni ya mwenye stoo.

Na niseme kitu kingine hakuna mutu anapenda kukisema. Kongo sasa iko na nyumba mbili. OHADA inasema sheria zake ziko juu ya sheria ya nchi, kesi ya biashara ikifika mwisho inaenda Abidjan kwa koti (mahakama) yabo ya pamoja. Jumuiya nayo, ibara ya 8, inasema sheria zake ziko juu ya za nchi, na koti iko Arusha. Hakuna moja inasikiliza rufaa ya mwenzake. Siku Arusha itatunga sheria ya dhamana, juji wa hapa atafuata gani? Mi nauliza kweli, maana klienti ananiuliza na sina cha kumujibu.

---

BabaTrela

Mzee Avoka umenigusa, na mimi nilikumbana na mambo ya huko. Gari langu liligonga mtu karibu na Likasi, dereva akashikwa, nikajua hiyo ni jinai ya dereva, bima ya COMESA ipo, mambo ya fidia yatakuja baadaye kwa kesi yake kama huku kwetu. Kumbe naitwa mimi mwenyewe kwenye ile ile kesi ya jinai!! Familia ya marehemu wako ndani ya kesi wanadai fidia, mwendesha mashtaka yuko pale pale, dereva pale, mimi mwenye gari nimewekwa kwenye karatasi moja na yeye. Nilidhani nashtakiwa kuua. Sikulala siku tatu. Mwishoni nikaja kueleweshwa na wakili wa kule kuwa ni utaratibu wa kawaida, mimi naitwa kama mtu wa kubeba dhima ya fedha tu sio mhalifu, na kusema kweli yule mama wa marehemu alipata haki yake haraka kuliko ambavyo angepata kwetu, hilo nalisema kwa moyo mweupe. Lakini mbona hakuna mtu alituambia mapema? Chama cha madereva hakijui, wenye malori hatujui, pale mpakani hakuna hata kipeperushi.

---

Imanzi_Kgl

Wakuu salama, mimi ni mwanasheria Kigali. Naona mnaongea kama vile hizi koo mbili haziwezi kuoana, sisi tumeoana nazo.

Rwanda tuliingia Jumuiya 2007 pamoja na Burundi, tukaingia Jumuiya ya Madola Novemba 2009. Wakati huo tulikuwa watoto wa Mbelgiji kabisa, jaji akikaa anafungua kodi, basi. Sasa hivi hukumu za Mahakama ya Juu zinafuatwa na mahakama za chini kama kwenu. Mwaka 2011 tulitunga sheria ya mikataba yetu wenyewe na imechota sana upande wa komoni loo. Na Agosti 2019 tukapitisha sheria fupi ambayo mimi kila nikiikumbuka nafurahi, ilifuta sheria zote zilizotungwa kabla ya tarehe 1 Julai 1962, siku ya uhuru. Zote. Hata ile dekrii ya 1888 ilienda na maji. Nyanza kuna chuo cha mafunzo ya vitendo kwa wanasheria na majaji ambako mtu anafundishwa mifumo yote miwili.

Lakini noteri hatukumfuta, bado yupo, ukiuza kiwanja unasaini mbele yake. Kilichokuwa kinafanya kazi kimebaki.

Shida ambayo watu wa nje hawaioni ni lugha. Gazeti letu la serikali linachapisha sheria kwa safu tatu, Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa, kwenye ukurasa mmoja. Nimeshakaa kwenye kesi tunabishana saa mbili kwa sababu safu ya Kiingereza ina neno lenye historia ya karne kadhaa za London na safu ya Kifaransa ina neno la Paris ambalo limebeba maana nyingine, halafu ya Kinyarwanda imetafsiriwa na mtu aliyekuwa anaangalia moja kati ya hizo mbili. Kwa hiyo mkiniuliza kuoanisha sheria kunaanzia wapi nitawaambia kunaanzia kwa watafsiri, walipwe vizuri na wakae ndani ya chumba wakati sheria inatungwa, wasiletewe ikiwa imeshapikwa.

Wazo langu: kila nchi ifute za mkoloni ianze upya kama sisi, ndio tutalingana.

---

Mwanaisha_Nrb

Hapana kaka Imanzi, hapo tunaachana. Rwanda mlifanya kwa sababu mlikuwa mnajenga mahakama upya baada ya 1994, na nchi ni moja, serikali moja ikiamua imeamua. Ukitaka kuona kulazimishana kunavyoishia angalia Kameruni. Mikoa miwili ya Kiingereza ina urithi wa komoni loo, iliyobaki ni ya Mfaransa. Walipounganisha taratibu za makosa ya jinai, ile kodi ya 2005 iliyoanza kazi Januari 2007, walichukua huku na kule, ikapokelewa. Lakini kwenye mambo mengine wakawa wanapeleka majaji wasiojua Kiingereza wala komoni loo kwenye mahakama za Bamenda na Buea, na hiyo hiyo OHADA anayoisifu Avoka iliingia kule ikiwa ya Kifaransa. Mkataba wa mwanzo ulisema lugha ya kazi ni Kifaransa peke yake, mpaka walipourekebisha kule Quebec 2008 ndio Kiingereza, Kihispania na Kireno vikaingia. Oktoba 2016 mawakili wa mikoa hiyo wakagoma, na kati ya madai yao ilikuwa tafsiri ya hizo sheria na majaji hao waondolewe. Yaliyofuata mnayajua, watu wanakufa mpaka leo. Sisemi ni tafsiri ndiyo iliyoleta vita, sababu ni nyingi, ila mlango uliofunguka wa kwanza ulikuwa mahakamani.

Mimi nafanya kazi ya mikopo ya benki hapa Nairobi na naona jibu liko kwenye lile swali la yule mzee, daftari lipi. Sikilizeni. Kenya ni komoni loo kabisa, lakini 2017 tulitunga sheria ya dhamana za mali zinazohamishika. Haijali mkataba wako umeuitaje, rehani, mkopo wa manunuzi, chochote, kama lengo ni kulinda deni basi unaandikisha kwenye daftari la mtandaoni, na mtu yeyote akitaka kukopesha anaingia anatafuta jina. Uganda wakafuata 2019. Sasa linganisheni na alichosema Avoka kuhusu OHADA. Ni kitu kile kile! Mtoto wa Mwingereza na mtoto wa Mbelgiji wamefika mahali pamoja bila kuitana, kwa sababu anayekopesha Kampala na anayekopesha Lubumbashi wote wanataka kujua jambo moja tu, hii mali ina mtu mwingine au haina.

Mbona forodha tumeweza? Tangu 2005 ni sheria moja ya Jumuiya, ukisoma kifungu Namanga ndicho hicho hicho Gatuna. Hakuna aliyeuliza ni komoni loo au sivili loo. Basi tufanye hivyo kwa daftari. Madaftari yaongee, ukiandikisha Dar lionekane Lubumbashi na Bujumbura. Mambo ya konsidaresheni waachieni maprofesa.

Na kingine, kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya bidhaa, wa Vienna 1980, uliandikwa makusudi na watu wa koo zote mbili wakakaa pamoja. Uganda wamo, Burundi wamo, Kongo wamo, Rwanda wameingia juzi juzi. Tanzania na Kenya hatukuingia. Hautatui suala la umiliki, wenyewe umesema wazi kwamba hauligusi, lakini mambo ya mzigo mbovu, kuchelewa, kuvunja mkataba yote yamo. Daraja lipo tayari na sisi wenye bandari ndio hatujapita.

---

Wakili_Kivulini

Dada Mwanaisha nakubaliana na wewe karibu kote. Naongeza tu Morisi, kodi yao ya madai ni ya Mfaransa, lakini ushahidi na uendeshaji wa kesi ni wa Mwingereza, wanaishi hivyo miaka na miaka. Kwa hiyo kuchanganya kunawezekana, ila walichanganya polepole.

Kuhusu daftari nina wasiwasi mmoja. Hapa kwetu dhamana za kampuni zinaandikishwa kwa msajili wa makampuni, za mtu binafsi ziko kwingine, hatuna sehemu moja kama Kenya. Hatuwezi kuunganisha na Lubumbashi kitu ambacho ndani ya nyumba bado kiko vipande vipande. Tuanzie hapo.

Mzigo_Tunduma, kwa mizigo inayokuja fanya hivi. Mkataba uwe kwa Kifaransa na Kiingereza, na useme ni upi unatawala zikipishana. Mpate wakili wa kule kabla gari halijaondoka, sio baada. Na weka kipengele cha usuluhishi, usitegemee hukumu ya Kisutu. Hukumu ya mahakama yetu ikifika Kongo lazima ipitie mahakamani kwao ipewe ruhusa ya kutekelezwa na hapo unaweza kuzeeka. Tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa msuluhishi, inabebwa na Mkataba wa New York wa 1958, sisi tumo tangu 1964 na Kongo wameingia 2014, waliweka masharti yao kama kuacha nje mambo ya ardhi na nyumba, mabati hayamo humo.

---

Avoka_wa_Lushi

Niko sawa na dada wa Nairobi. Na ndugu Tunduma, ule mzigo wa zamani usiuache. Ile kukamata ilifanyika kwa njia gani, balifuata taratibu za OHADA zote? Huissier, ule ofisa wa kukamata mali, aliacha prosevebali, ile ripoti ya kukamata? Tarehe iko? Mara nyingi kunakuwa kosa pale, na ikiwa na kosa inaanguka. Tafuta ile papie ya kukamata, ndiyo ya kwanza, mbele ya kuanza kulia juu ya mkataba.

---

Mzigo_Tunduma

Wakuu, dada Mwanaisha, mzee Avoka, Mungu awabariki. Nimepata mwanga mpaka nimewaita vijana wangu ofisini nikawasomea uzi wote kwa sauti.

Ile karatasi ya kukamata ninayo, nilipewa nakala siku ile sikujua hata ni ya nini nikaikunja nikaweka kwenye bahasha pamoja na mkataba. Nimeitoa sasa hivi. Ina mihuri miwili, sahihi moja, na sehemu ya tarehe iko siku na mwezi, mwaka haujajazwa. Mzee Avoka nakutumia ujumbe wa pembeni na picha yake.

Kuna gari mbili zilikuwa zipakie Alhamisi kwa mteja mwingine wa huko huko. Nimezisimamisha. Mteja kakasirika kidogo nikamwambia tunaenda kwanza wote wawili pale grefe, mimi nalipia.